Kibanio Nilichokielekeza Bondeni

Mwanangu Winfrida,

Nisamehe kwa kunyamaza. Wiki tatu zimepita tangu uniulize swali mezani, mbele ya mama yako, nami nikaendelea kumenya kiazi kama mtu asiyesikia. Ulisema, "Baba, Mzee Bakari anataka nimchagulie kibanio cha ng'ombe wake wa maonyesho. Viko viwili kwa fundi pale Mbinga. Nichague kipi?" Swali lilikuwa fupi na la haki. Mtu aliyefundisha shule miaka thelathini na minne hana udhuru wa kuliacha swali la namna hiyo. Ulingoja, ukaondoa sahani, na tangu siku hiyo hujauliza tena.

Kesho asubuhi unateremka Mbamba Bay kuanza kazi ya ng'ombe kwa Mzee Bakari. Nimekaa mchana huu na kalamu kwa sababu nikisimama mbele yako nitasema mambo ya safari, na mambo ya safari hayanihusu. Chandarua, joto la ziwani, maji ya kuchemsha, nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa, hayo mama yako ameanza kuyasema tangu Jumatatu na bado anayasema huko jikoni ninapoandika. Mimi nina jambo moja tu, na nina hasira. Nakuonya mapema ili ukikutana na maneno makali usidhani kwamba yote ni yako. Mengi ni yangu mwenyewe. Machache ni ya baba yako mkubwa Otmari. Moja ni lako kweli, nitalifikia.

Nianze na ulichouliza. Juzi niliposema nakwenda kuangalia kahawa, sikwenda kuangalia kahawa. Nilikwenda Mbinga kwa yule fundi wa kuchomelea, nikaviona vibanio vyote viwili, fremu za kumbana ng'ombe shingo asimame anapooshwa na kukatwa kwato. Kimoja ni cha mabomba ya chuma, kimepakwa rangi ya fedha, kina magurudumu, na mahali pa shingo pana vyuma viwili vilivyopinda kama mkufu. Kingine ni cha mbao na vyuma vichache, kimepakwa oili chafu, kizito, kibaya kukitazama. Fundi alinijia mbio.

"Shikamoo, mzee. Hiki cha fedha ndicho chenyewe. Ng'ombe akisimama humu, majaji wanampa alama kabla hawajamgusa."

"Marahaba. Ingia," nikamwambia.

"Niingie wapi?"

"Humo. Leo wewe ndiye ng'ombe."

Mafundi wenzake waliacha kazi. "Ingia, bwana, ukatwe kwato!" mmoja akapiga kelele. "Na manyoya ya kisogoni yanyolewe, yamezidi!" Akaingia akicheka, akaweka shingo mahali pa shingo, nikafunga komeo. Nikamwambia alegeze magoti, auachie uzito wake wote uangukie vyuma. Aliuachia. Nikavuta komeo kwa mkono mmoja, likagoma. Nikavuta kwa mikono miwili, likagoma.

"Mzee," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Mzee, inatosha."

Ilibidi wenzake wawili wamnyanyue kwa makwapa ndipo komeo likatoka. Aliporudi nje alikuwa akijishika shingo na hakuna aliyecheka. Nikauliza nani ataingia katika kile cha mbao. Hawakutaka. Basi nikavua koti nikaingia mwenyewe, mzee mzima wa miaka sitini na minane, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Fundi akavuta kipingo kwa vidole viwili, kikatoka mara moja, nikaanguka kwa magoti kwenye vumbi. "Pole, baba," akaniambia, akanipangusa suruali. Nilikaa pale chini zaidi ya ilivyohitajika.

Chagua cha mbao. Mzee Bakari ni mfanyabiashara, atakuuliza sababu, nawe usimwambie kwamba baba amesema. Mwambie kwamba kinafunguka kwa mkono mmoja hata ng'ombe akiwa amekilemea. Mwambie kwamba ubavu wake mmoja unatoka wote, una vipingo vitatu tu, kwa hiyo mnyama akianguka hutolewa kwa ubavuni wala havutwi kwa kichwa. Chuma kitupu kwenye jua la ziwani kitamwunguza ng'ombe mbavu, na magurudumu hayana kazi kwenye mchanga. Sakafu yake usiikubali kama ilivyo. Mbao zile zimepigwa randa zikawa laini kama meza ya padri, na ng'ombe anayeoshwa kwa sabuni atateleza. Mwambie fundi apigilie vipande vya tairi kuukuu juu yake, naye hatakataa, baada ya juzi. Na kabla hamjakisimika huko ufukweni, tazama ardhi. Hata pale panapoonekana tambarare pana mwinamo. Kichwa cha ng'ombe kiwe upande wa juu. Mzee Bakari akitaka ng'ombe wake waelekee barabarani ili wanunuzi wa duka lake wawaone nyuso, mkatalie.

Hilo la mwinamo ndilo lililonifunga mdomo mezani.

Unalijua tukio la Tausi, ng'ombe wetu, kwa kuwa ulikuwapo. Lakini hulijui lote, nami nimekuacha miaka miwili ulijue nusu.

Unakumbuka nilivyokuwa mwezi ule. Bwana mifugo wa wilaya alikuwa anakuja Ukata kuchagua ng'ombe wa kupelekwa kwenye maonyesho ya wakulima, na mimi nilikwisha kujiona nimesimama uwanjani na kamba mkononi. Nilijenga kibanio kwa milingoti mibichi nyuma ya nyumba, pale penye mteremko, na nikakielekeza bondeni. Mtu yeyote wa milima hii anajua kwamba kila kitu tunakikinga na mteremko, hata mashimo ya ngoro tunayachimba ili maji yasishuke na udongo wetu. Mimi nilijua. Nilikielekeza bondeni kwa sababu barabara iko chini, na nilitaka wageni, wakipanda, wauone kwanza uso wa Tausi. Ulikuja ukasimama, ukatazama, ukasema, "Baba, akiteleza atajinyonga. Tukigeuze."

Nami nikakujibu, "Wewe nani kakusomesha?"

 Ni mimi niliyekusomesha, darasani na nyumbani, na nilikufundisha kutazama kitu kabla ya kukitumia. Siku ulipofanya nilivyokufundisha nilikudhihaki.

Sasa sehemu usiyoijua. Kipingo cha shingoni kilikuwa kinagongagonga kila Tausi alipotikisa kichwa. Niliogopa kitachomoka mbele ya wageni, ng'ombe atoke na povu la sabuni, watu wacheke. Asubuhi ile ulimwingiza Tausi, ukamfunga, na ulipokwenda kuteka maji ya kumwoshea, nilichukua msumari wa inchi sita nikakipigilia kipingo kwenye nguzo. Nikaupaka matope usionekane, kisha nikateremka barabarani kumpokea bwana mifugo. Wewe ulirudi na maji, ukaanza kumsugua. Udongo ukalowa. Miguu yake ya mbele ikateleza kuelekea bondeni na mwili wote ukamfuata.

Ulivuta kipingo. Najua ulikivuta, maana nilikuta ngozi ya vidole vyako imebaki kwenye mti. Ulidhani kimekwama kwa sababu wewe ndiwe uliyekichomeka vibaya. Ukakimbilia panga, ukakata mlingoti, na mlingoti mbichi haukatiki upesi. Nilipofika na wageni ulikuwa bado unakata, na ng'ombe alikwisha kukata roho, na ndama tumboni mwake. Neno langu la kwanza, mbele ya bwana mifugo na majirani waliokwisha kukusanyika, lilikuwa, "Umemfunga vibaya!"

Nililisema kabla sijafikiri, na hilo ningeweza kulisamehe. Mtu hupayuka. Lakini wageni walipoondoka na wewe ukiwa umekaa ndani na mama yako, nilichukua nyundo nikaung'oa ule msumari, nikautupa chooni. Hapo nilikuwa nimefikiri. Baba yako mkubwa Otmari alipokuja kukagua alikuta tundu dogo kwenye mti, akalipita, kwa kuwa kila mti wa hapa una tundu.

Mama yako aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunavuna maharage: "Ule msumari ulioutoa kwenye kopo siku ile uko wapi?" Nikamwambia avune maharage. Usimkasirikie. Nilimtwika siri bila kumwomba, na ameibeba akiwa amenuna, kama unavyomjua.

Kisha ikakaa sengu. Nawasikia vijana wa siku hizi wakiisifu sengu yetu kwamba ni mila nzuri ya Wamatengo, ukoo unakula pamoja na kuamua pamoja. Babu yangu alipokuwa mkuu wa sengu, mtu alikula chungu kimoja na wenzake na akasema ukweli kabla ya kunawa mikono. Sisi tumebaki na kula. Siku ile Otmari alinawa, akasafisha koo, akasema, "Msichana huyu ana haraka. Asishike tena kamba ya ng'ombe wa ukoo huu mpaka sengu iseme vingine. Winfrida, una la kusema?"

"Sina, baba mkubwa. Nisameheni."

Mimi nilikuwa nimekaa mkono wa kulia wa ndugu yangu. Nilisikia hukumu, nikasikia jibu lako, nikaongeza mboga.

Hapa ndipo hasira yangu juu yako ilipo, na nitaitaja kwa sababu nimeahidi. Ulikuwa umenionya. Ulikuwa na maneno matatu tu ya kusema: "Nilimwambia baba tukigeuze." Maneno hayo yalikuwa kweli, na watu wazima kumi na wawili walikuwa wamekaa kuyasikiliza, nawe ukainamisha kichwa. Kwa siku nyingi nilijiambia kwamba umekubali kosa, kwa hiyo kosa ni lako. Kuinama kwako kulinipa pa kujifichia. Najua uliinama kwa heshima. Heshima hiyo nimekufundisha mimi, na leo naichukia. Huko unakokwenda, mtu yeyote, awe Mzee Bakari au mgeni wake, akikutwika jambo ambalo uliliona na kulisema kabla halijatokea, mwambie ulilisema. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie palepale.

Miaka hii miwili nimeona kila kitu. Nimekuona ukikata majani ya ng'ombe na kuyaacha mlangoni mwa zizi, kwa sababu hukuruhusiwa kuingia. Nimewasikia wenzako kwenye mashine ya kukoboa: "Dada Mnyongaji, mbuzi wetu anakusalimia!" Ulicheka nao. Nilikuwa nyuma ya ukuta na debe langu la mahindi. Sikutoka.

Na Mama Erasma. Tausi tulipewa na jirani kwa mpango wetu wa kupokezana, kwamba anayepewa mtamba humpa mwingine ndama jike wa kwanza. Zamu iliyofuata ilikuwa yake, mjane mwenye watoto wanne na hana ng'ombe. Alikwisha kujenga banda. Banda lile sasa anawekea kuni. Kanisani hugeuza uso anapokuona, na kila anapofanya hivyo huja kunisalimia mimi kwa mikono miwili: "Shikamoo, Mwalimu. Pole na binti." Nami huitikia marahaba. Sijui kama kuna neno nililowahi kulisema mara nyingi likawa chafu namna hiyo.

Mzee Bakari alipopanda Mbinga kununua maharage, akaja hadi hapa kutafuta mtu wa kuwatunza ng'ombe wake watatu, walimwambia mapema habari zako. Ulikuwa umemletea maji. Akakutazama, akaniuliza mimi, "Mwalimu, huyu ndiye aliyeua ng'ombe?" Ukajibu mwenyewe kwamba ni wewe. Yule mzee akanywa maji yake, akasema, "Mimi nimeua wangapi kwa kuwalisha vibaya! Nataka mtu anayeamka mapema na asiyenidanganya." Ukapata kazi kwa kumwambia jambo ambalo, bila wewe kujua, lilikuwa uongo. Na mtu asiye wa kabila letu wala wa dini yetu alikupa kamba ambayo baba yako alikunyang'anya. Siku ile nilishindwa kula. Uliponiuliza swali la kibanio niliona kwamba unataka kujifunza kwangu kosa ambalo unadhani ulilifanya wewe. Ningekujibu nini? Ningekueleza habari ya komeo linalofunguka kwa mkono mmoja, nawe ungeniuliza, "Baba, kwa nini letu halikufunguka?"

Leo asubuhi nilikwenda kwa Otmari. Alikuwa anaanika kahawa. Nilimweleza yote, pamoja na msumari, nikiwa nimesimama. Hakuacha kutandaza kahawa.

"Mwache mtoto aende," akasema. "Jambo limelala. Unaliamsha la nini?"

"Limelala kwako, kaka. Kwake halijalala."

"Anakwenda ziwani. Huko nani anajua habari za Ukata?"

"Bakari anajua. Na yeye mwenyewe anajua, tena anajua uongo."

"Wewe mwalimu mzima, mkatekista mstaafu, utasimama mbele ya wajukuu useme ulidanganya? Na mimi niliyehukumu nitaonekana nani?"

Nikamwambia ataonekana mtu aliyeona tundu akalipita. Hapo aliacha kahawa. Tulipigana maneno kama vijana, Winfrida, mpaka mke wake akatoka na mwiko mkononi akauliza kama tunataka kuuawa na presha wote wawili siku moja. Mwishowe Otmari alisema sengu itakaa Jumapili baada ya misa, lakini hakuahidi lolote. Alisema hukumu haigeuzwi kwa sababu mtu mmoja amechoka kubeba moyo wake. Inawezekana watamfuata. Inawezekana watasema nimezeeka, nakutetea kwa kuwa unaondoka. Msumari sina wa kuwaonyesha. Niliuficha vizuri mno. Ninalo neno langu tu, na neno langu nimeliharibu mwenyewe.

Nitalisema hata hivyo, na nitalisema kabla ya chakula. Nitaomba mambo mawili. La kwanza, wakutangaze huna kosa, kwa sauti ileile waliyokuhukumia, na Mama Erasma awe ameitwa, asikie. La pili, mtamba aliye zizini mwetu aende kwake, hata kama watakataa la kwanza. Hilo la mtamba nimekwisha kumwambia mama yako. Aliacha kununa kwa muda mfupi.

Usinijibu kwamba umenisamehe. Nakujua, utataka kuandika hivyo kabla gari halijafika Kitai. Sikuandika ili unitulize. Nikasirikie. Kama hujui pa kuanzia, anza na lile nililokuambia mbele ya bwana mifugo. Ukimaliza hasira yako, utaniambia, nami nitasikiliza nikiwa nimesimama.

Na usiingojee sengu ili uliseme jambo hili. Barua hii ni yako, nimeiandika kwa mkono wangu na jina langu liko chini. Ukitaka msomee Mzee Bakari siku utakayofika. Alitaka mtu asiyemdanganya, nawe ulimpa habari isiyo kweli kwa sababu yangu. Akiniona mtu duni, ameniona sawasawa. Atakapokuuliza kwa nini umechagua kibanio kibaya cha mbao badala ya kile cha fedha, utakuwa na jibu lote, pamoja na jina la aliyekosea.

Jumapili watu wakishanawa mikono, nitaondoka pale nije moja kwa moja kwenye meza hii. Nitakuandikia walichoamua juu yako na walichoamua juu yangu, bila kupunguza neno, hata kama wameamua kwamba hukumu ibaki ilivyo. Na wakiahirisha, sitakuandikia kwamba wameahirisha. Nitarudi kwao kila Jumapili mpaka waamue, ndipo nitakapoandika.

Baba yako,
Kolumba